Hatutaki Ishone

Baba alitoka Ugiriki na bisibisi tatu
na kikohozi.
Bom Retiro ikampokea kama inavyopokea wote:
haikumtazama usoni,
ilimwonyesha cherehani mbovu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
São Paulo hapakuwa na shamba;
siku ya tatu walimpa sindano.

Mimi ni Eftihia, mwanawe, fundi kama yeye,
Mtaa wa Graça, mlango wa kijani usiofunga vizuri.
Mtaa huu naujua kwa sikio.
Utotoni mwangu ulisema taka-taka, taka-taka,
kwa nguvu za miguu:
kina Zylberman, kina Szafran, watu wa Poland,
na Jumamosi walipopumzika
kimya kilitanda hata ungesikia unga ukiumuka.

Kisha akaja bwana Noh kutoka Korea, na umeme.
Cherehani zake hazikuvuta pumzi,
mvumo mmoja alfajiri hadi usiku,
na harufu ya kabichi iliyochacha ikapanda
ngazi zilezile za samaki wa chumvi.
Bibi Szafran alikuja kwangu kulalamika.
Nikamkumbusha Waitalia walisema nini
juu ya samaki wake.
Alicheka hadi machozi,
akateremka kuomba bakuli moja.

Wabolivia sikuwaona kwanza. Niliwasikia,
saa sita usiku,
nyuma ya madirisha yaliyozibwa kwa kitambaa cheusi.
Wilma Condori alinipitishia mashine ya kupindia
kupitia dirishani
kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.
Miezi saba.
Haikuwa pepo, nisiwadanganye.
Mwanawe alilala katika rundo la vipande vya jinzi
na kelele ikikoma ndipo alipoamka akalia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimeishi hapa miaka sitini na mbili,
sijakutana na huyo mwenyeji.

Sasa duka la Zylberman ni mkahawa.
Wameukwangua ukuta hadi matofali yaonekane,
matofali ambayo sisi
tulijinyima tupate chokaa ya kuyafunika.
Kodi imepanda mara tatu. Noh mdogo ameuza.
Wilma amehamia mwisho wa reli,
saa mbili kwenda, saa mbili kurudi,
na bado huniletea viazi vya kwao,
vilivyokaushwa na baridi, vyepesi kama vizibo.

Mwenye mkahawa, Thales, kijana wa ndevu zilizochanwa,
ananiita kwa heshima zote.
Dirishani ameweka cherehani ya miguu,
mapambo ya dhahabu yamefutika
pale mkono wa mtu ulipozoea kulala.
"Hatutaki ishone," anasema.
"Tunataka izunguke tu."

Silaumu kahawa. Kahawa ni nzuri.
Nilikunywa mbili, hakunidai.
Nikafungua kifuniko:
ndani uzi wa buluu, umejiviringa
kama unywele kooni.
Nikauvuta taratibu. Uliendelea kuja.
Sikujua ulikuwa wa nani, nikautia mfukoni.

Mafuta. Mkanda mpya. Skrubu mbili.
Thales alipotoka kupokea simu
nikachomeka sindano, namba kumi na nne.

Mwosha vyombo akaja, povu hadi viwikoni,
Limber, mtoto aliyelala kwenye jinzi.
Hakuniuliza kitu.
Alijipangusa mikono kwa aproni,
akaichomeka ncha ya aproni hiyohiyo chini ya sindano,
na mguu ukakumbuka kazi
ambayo hakuna aliyewahi kuufundisha.
Taka-taka.
Wateja wawili wakainua vichwa.
Taka-taka, taka.
Akakata uzi kwa meno, akarudi kwenye masufuria.

Kwenye risiti nimeandika:
cherehani moja. Inashona.